Mama, Narekodi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko chumbani kwangu, Chumbageni, Tanga, mbele ya kompyuta, narekodi miksi ya saa nzima. Jua la saa saba mchana lilikuwa limekaa kitandani kwangu kama mgeni, na mimi sikuliuliza limeingiaje.

Kabla sijaendelea, nieleze. Mimi ni Sikudhani. Watu wa miksi wananijua kama DJ Dhani. Kurekodi nyumbani kuna sharti moja kubwa: nyumba inyamaze. Nyumba yetu haikuwahi kunyamaza. Kila nikifika pale penye utamu, mama alikuwa ananiita kutoka jikoni, "Sikudhaniii!" na maikrofoni ninayochombezea nyimbo kwa maneno inamdaka. Mimi napiga kelele, "Mama, narekodi!" Kisha jioni nakaa na ile alama ya mkasi kwenye skrini, namkata. Leo nina miksi arobaini na moja, safi, hazina hata kikohozi. Mama alifariki Shaabani iliyopita. Nimezisikiliza zote kutafuta sauti yake na haimo, kwa sababu mimi ni fundi mzuri. Natamani ningekuwa fundi mbovu.

Basi, kwenye ndoto nyimbo mbili zinaingia mlangoni na kuvua viatu. Wa kwanza ni wa taarabu ya zamani, mtu mzima, umejitanda kanga. Wa pili ni wa singeli, unahema kana kwamba umekimbizwa.

"Tuunganishe," unasema ule wa taarabu.

"Hamlingani mapigo," naziambia. Kazi yetu ndivyo ilivyo: mapigo ya wimbo unaotoka yalingane na ya ule unaoingia, la sivyo msikilizaji anajikwaa.

Wimbo wa singeli unachukua mkono wangu na kuuweka kifuani kwake. Kweli, ndani mna moyo. Kompyuta inakohoa.

"Na wewe jipime," inaniambia.

Najipima.

"Uko nyuma. Tangu Shaabani uko nyuma. Ukiendelea hivyo huungani na mtu yeyote."

Nikakasirika. "Nipe sauti ya mama yangu uone kama sitakwenda sawa."

"Ulimtupa pipani. Kamtafute pipani."

Hapo chumba kinakwisha. Pipa la taka la kompyuta kumbe ni ofisi, ina benchi refu na feni isiyozunguka. Wamekaa wote niliowahi kuwakata: jogoo wa jirani, muuza samaki na kengele ya baiskeli yake, mlango uliobamizwa, na kikohozi changu mwenyewe, ambacho kimenipa kisogo. Mezani yuko Mkasi. Kavaa miwani kwenye yale matundu ya vidole, na imemkaa vizuri.

"Shida yako?"

"Naomba sauti ya mama, niihifadhi."

"Haihifadhiki. Imeita, haikuitikiwa. Wito usioitikiwa haujaisha, na kisichoisha hakiingii kwenye faili."

"Niliitika."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, narekodi."

Mkasi anafungua daftari. "Mtoto wa kiume akiitwa na mzazi huitika 'Naam'. Wa kike huitika 'Abee'." Anafunua ukurasa mwingine, anarudi nyuma, anatazama tena ili asinionee. "'Narekodi' haimo."

Mama alinifundisha abee kabla sijajua kufunga kanga. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama, na bado nikaishia kwa mkasi.

"Naomba niitwe tena," nikasema.

"Mara tatu. Zaidi ya hapo nafunga ofisi."

Mlango wa nyuma unafunguka. Sauti yake inakuja, yenyewe, bila mtu. "Wee Sikudhaniii! Njoo ule, wali unapoa!" Inavuta jina langu mwishoni vilevile, kama alivyokuwa akilivuta. Nilikuwa nimemkumbuka mno, jamani. Machozi yananitoka. Nafungua kinywa.

"Mama, narekodi!"

Benchi zima linaguna. Kikohozi kinatikisa kichwa.

"Sikudhani!"

Nafungua tena kinywa. Kinatoka kibwagizo changu cha miksi, na mwangwi wake: "Huyu ni DJ Dhani, mkali wao, kutoka Tangaaa!"

"Imebaki moja," anasema Mkasi bila kuinua uso.

Ndipo nagundua hedfoni ziko masikioni. Nazivuta, hazitoki.

"Tusikilize sisi," zinasema. "Sisi ndio kazi."

"Kazi itangoja," nikazijibu, nikavuta mpaka masikio yakawaka moto. Zikatoka. Ofisi ikawa kimya, kimya kile nilichokitafuta nyumbani miaka yote, na ndani yake mama akaita mara ya tatu, polepole, kama mtu anayejua kwamba siji.

"Mwanangu Sikudhani?"

"Abee, mama."

"Ah," akasema. "Kumbe upo."

Nikainuka nimfuate, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kompyuta imezimwa, maikrofoni imo kwenye mfuko wake, waya umekunjwa. Hakuna kilichorekodiwa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikalia kwa sauti.

Nilipotoka kunawa uso nikamkuta Tuntufye bombani, anasuuza sufuria. Ni mpangaji wetu mpya, binti wa Mbeya, amehamia mwezi uliopita. Hakumkuta mama, wala sijawahi kumsimulia habari zake.

"Shikamoo, dada Dhani."

"Marahaba."

"Samahani, dada, siyo kwa ubaya. Nilitaka nimwamkie mgeni wako, nikaona aibu. Yule mama aliyekuwa anakuita alfajiri."

Nikafunga bomba nimsikie vizuri.

"Kakuita mara tatu ndiyo ukaitika. Mimi kidogo niitike kwa niaba yako, maana kwetu mzazi haachwi anaita." Akaifudikiza sufuria juu ya jiwe ichuruzike maji. "Na wali wenyewe alfajiri yote ile! Ulikwenda kula, lakini?"

"Bado," nikamwambia.