Salamu kwa Somo

Warigia alikuwa akipiga pasi sketi ya shule ya bintiye, huko Mbotela, Nairobi, mama yake aliyezikwa mwaka jana alipobisha hodi, akajipangusa miguu mlangoni na kuuliza mjukuu yuko wapi. Warigia akachomoa pasi, akamwekea chai.

Mama hakumjia yeye. Alimjia Tiffany, somo wake, kwa kuwa mtoto alipewa jina lake, Nyawira, japo lilifichwa nyuma ya Tiffany kama sufuria yenye masizi. Alitaka aitikiwe salamu na somo wake, basi, akapumzike. Akamwamkua kwa Kikuyu. Mtoto akajibu kwa Kiingereza cha puani, na bibi akageuka kuangalia kama nyuma yake kuna mtu mwingine.

Kikuyu kilipigwa marufuku humo ndani. Warigia, aliyeingia Nairobi na kiondo cha viazi vitamu, siku hizi alijiona amefika: lugha ya mama yake ushamba, Kiswahili cha kuongea na muuza maji. Angeweza kumfunza mtoto neno moja tu la kuitikia. Alikataa. Ati Tiffany ana intavyuu ya shule ya maana, ulimi usije ukaharibika.

Bibi akatoka nje kupunga upepo. Mlango wa pili, Habon, bintiye Shamis muuza vitambaa, alikuwa akichagua mchele. Huyo Kisomali alikipata nyumbani, Kikuyu kwa wauza nyanya, Kijaluo kwa fundi wa viatu, wala hakuna aliyelipa karo. Akainuka na kumwamkua bibi kwa Kikuyu, akamuuliza kama huko alikotoka mvua imenyesha. Bibi alicheka hadi akaketi juu ya ndoo. Tangu hapo kwa Warigia alikuja kulala tu.

Warigia aliona wivu, tena wivu mbaya. Kwenye mkutano wa wapangaji wa ploti alisema hawa watu wa kuja wamezidi, mtu hata hajui wanasema nini. Shamis, aliyezaliwa katika nyumba ile ile aliyokuwa akiishi, alimuuliza yeye amekuja kutoka wapi. Majirani wakatazama viatu vyao. Mwenye nyumba akampa Shamis notisi ya kuhama.

Jumamosi mkokoteni ukaja. Yakapandishwa magodoro, yakapandishwa masufuria, na juu kabisa akapanda bibi, akashika kamba. Warigia akamwomba ashuke. Alimwomba kwa Kikuyu, na kikatoka safi kabisa. Bibi akamtazama Tiffany, akasema neno. Mtoto akamgeukia mamake, akingoja.

"Mtafsirie mtoto, mama Tiffany," Habon akasema. "Bibi yake anauliza kama atakuja kumwona."

Majirani walikuwa wanatazama. Warigia akamwambia mtoto, kwa Kiingereza, asimame wima.

Mkokoteni ukaondoka na bibi, na Warigia akasema ploti sasa ina utulivu.

Tiffany alipita intavyuu. Aliulizwa majina yake yote, akasema Tiffany, akatafuta la pili, hakuliona. Walimu hawakujali. Wakamsifu matamshi.