Panga Lililotoka Chiwata

Kwa miaka Severina alikuwa amesomea kijidudu kimoja tu, kile kinachobabua muhogo. Ukimkuta kwenye kituo chake cha utafiti atakueleza mpaka uombe maji: kwamba kwenye utando wake wa nje kuna protini zilizojipanga kama fremu ya mlango, na humo ndimo kinamopenyezea sumu ya kulegeza kinga ya mmea. Zing'oe protini hizo, kijidudu kinabaki hai lakini hakina makali. Aliyajua yote hayo, lakini mganga hajigangi.

Msimu uliopita alikata sampuli kwenye shamba lililougua huko Chiwata, akalipangusa panga kwa kitambaa, akapanda Newala kumsalimia mama yake kule Makote. Alimkuta akikata mbegu, yaani vipande vya shina vya kupanda, za muhogo wa bibi, ule mweupe ambao kijiji kizima kilikuwa kimeupoteza isipokuwa yeye. Panga la mama lilikuwa butu.

"Lete hilo lako," alisema. Severina akalileta, wakakata pamoja wakicheka.

Mwaka huu amekuja kumwona mtoto mchanga wa mdogo wake, Winfrida. Kila mara mama alipopewa mtoto ampakate, alikataa akisingizia mgongo. Shambani kwa mama, vilele vya muhogo vilikuwa vimekufa na mashina yakitoa gundi. Severina alijua ugonjwa uliingilia wapi. Tangu asubuhi alitaka kusema, akaishia kuzungumzia mikorosho.

Ndipo Fatu, jirani, akafika. Kule mbegu ya muhogo haiuzwi wala mtu hanyimwi; ukiombwa, unakata.

"Shikamoo, Mama Severina. Nimefuata mbegu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikati tena. Mkono wangu umeharibika, kila unachopanda kinakufa." Akauficha ndani ya khanga. "Severina atakukatia. Wake una baraka."

Severina alilichukua panga lake, lile la Chiwata, akaliweka chini.

"Usichukue, dada Fatu, mihogo yote ina ugonjwa. Mama, mkono wako hauna neno. Ugonjwa niliuleta mimi, kwa panga hili. Nilipaswa kulipitisha motoni kwanza. Nilijua."

Mama aliligeukia shamba.

"Na ule wa bibi yako?"

"Haupo tena, mama."

Mama akautoa mkono ndani ya khanga, akaugeuzageuza kama wa mtu mwingine.

"Mtoto wa Winfrida," alisema polepole, "tangu azaliwe sijampakata. Niliogopa nitamuua."