Ndara za Mlangoni kwa Bi Mwanatabu

Hakuna mtu Jomvu Kuu nzima aliyejua habari za mawimbi kumshinda Bi Mwanatabu. Mwenyewe aliwaambia hivyo akina mama kisimani, mwaka huo wa 1999. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyembishia, akaongeza kwamba kuogelea hajui, na maji yakimfika kifundoni huita watu.

Aliyesomea mawimbi ni mwanawe, Stambuli, huko Ulaya. Kila akipiga simu dukani kwa Abdillahi swali lilikuwa lile lile: "Mama, unakaa na nani?"

"Nyumba imejaa, mwanangu. Hata pa kunyoosha mguu hapana."

Kweli ni kuwa tangu mpwa wake Barke aolewe Timbwani, mwenzake wa pekee mle ndani alikuwa saa ya ukutani, nayo imesimama. Alipika wali wa kikombe kimoja, akala akizungumza na sufuria.

Aliposikia Stambuli yuaja, alishuka mikokoni maji yalipokupwa, akaokota ndara zilizoletwa na bahari hadi kapu likajaa. Hakuzichambua, ndara ni ndara. Akazisugua kwa majivu, akazipanga mlangoni, kubwa kwa ndogo, apitaye adhani mna maulidi ndani.

Stambuli alifika adhuhuri imepita, akaziona, uso ukamkunjuka. "Shikamoo mama. Kumbe kweli mna watu!"

"Marahaba. Sema taratibu, wamelala."

Wakakaa barazani, wakinong'ona kama wezi.

"Mama, chuo kimenipa kazi ya miaka mitatu zaidi. Lakini kama uko peke yako, wallahi narudi nisomeshe hapa Changamwe. Niambie kweli."

Neno "rudi" lilimfika Bi Mwanatabu kwenye meno. Akalimeza kwanza. "Hiyo kazi yenyewe ni ya nini hasa?"

Stambuli akakielekezea kidole chetezo kilichokuwa kikifuka ubani. "Waona moshi unavyotawanyika? Sisi twatafuta fundo moja, kama wimbi, livuke ua mzima lisitawanyike. Si la moshi. Ni la hewa iliyopozwa, baridi hata barafu mbele yake ni uji wa moto."

"Nani analishika?"

"Linajishika lenyewe. Chembe zake zavutana. Nyingine huvutana zikikaribiana tu. Hizi ninazozipigia hesabu mimi ni kama visumaku, zasikiana hata zikiwa mbali."

"Na zikivutana sana?"

"Hapo ndipo penye kazi, mama! Zikivutana kidogo, fundo latawanyika. Zikizidisha, lajibomokea ndani, limekwisha. Nataka kujua ni wapi linapodumu."

Mikono ilikuwa ikimruka hewani. Alikuwa hivyo utotoni, akieleza vile tiara yake ilivyopaa. Bi Mwanatabu akaitazama mikono ile, akaona kwamba akiivuta tu itatulia mapajani, itulie moja kwa moja.

"Nenda zako," akasema. "Mimi upweke nitaupatia wapi? Humu hata choo twaingia kwa zamu."

Stambuli akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi kesho nitawajibu."

Adhana ya alasiri ikalia. Akavua viatu vyake vya kamba ili akatie udhu. "Niazime ndara za mmoja wao, mama."

"Chukua, chukua!" akajibu, ulimi ukiwa umeshaitangulia akili.

Stambuli akatia mguu wa kushoto, ukaingia. Akatafuta ya kulia. Akachukua nyingine, akaigeuza. Akachukua ya tatu. Akachutama, akazipitia zote kwa zamu, hata ile ndogo ya mtoto. Bahari ilikuwa imemletea mama yake za kushoto tupu.

Akainuka polepole. Safari hii hakunong'ona.

"Mama. Watu wako hawa waliolala, mguu wa kulia wameuacha wapi?"

Bi Mwanatabu akavuta ukaya wake wa kichwani mpaka machoni.

"Sema taratibu," akasema. "Utawaamsha."