Weusi wa Rozalia

Picha ya nne nayo ilikataliwa.

"Huyu siye," alisema mzee Nkeshimana. Alikuwa amekaa kwenye gogo uani, juani, fimbo katikati ya magoti. "Mke wangu alikuwa mweusi, wa kung'aa. Huyu mwekundu kama tofali la tanuri mmemtoa wapi?"

Felisita alisimama barazani pake, mikono kiunoni. Picha ileile yeye aliiona sawa kabisa.

"Mzee, samahani, macho yako yanaona vizuri?"

"Macho haya yamemtazama Rozalia miaka arobaini na mbili. Yako yamemtazama tangu asubuhi."

Jumamosi wangemaliza matanga ya Rozalia huko Nyamigogo, na picha ingewekwa mezani mbele ya ukoo mzima. Mpiga picha wa kwanza alimpaka weupe wa bibi harusi, wajukuu wakauliza huyo bibi ni wa nani. Mzee akaichana palepale, akapanda basi mpaka Nyakanazi kwa Felisita, anayechapa picha nyumbani kwake.

Felisita hakuwa mtu wa kushindwa na mashine. Alikuwa ameshasafisha printa, amebadilisha karatasi, amepunguza mwanga wa simu yenye picha ya asili. Kila picha ikitoka, alisimama nayo barazani akailinganisha na simu, akaiona imepooza, ina ubluu. Basi akaongeza wekundu. Mzee akakataa. Akaongeza tena.

"Lete hapa nilipo mimi," mzee akasema. "Unaogopa jua kama mgeni wa Ulaya!"

Felisita akatoka, ameshika picha pamoja na karatasi tupu. Hatua tatu tu. Rozalia akawa tofali mkononi mwake. Akarudi barazani: Rozalia akapona. Akatoka tena. Safari hii akaitazama ile karatasi tupu. Juani ilikuwa nyeupe. Barazani ilikuwa na ubluu.

Akainua uso. Juu ya baraza lilitandazwa turubai la bluu, alilolifunga mwenyewe masika yaliyopita.

"Mzee, nisamehe. Macho mabovu ni yangu."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja ukubali."

Akapanda kiti, akafungua kamba za turubai. Fundo la mwisho likagoma. Akalikata kwa kisu cha jikoni. Turubai likaanguka juu ya masufuria, na wala hakuliokota. Akaingia ndani, akafuta marekebisho yote, akaanza upya na picha kama ilivyopigwa. Ya tano ilitoka na giza kidogo kwenye paji la uso. Akaongeza mwanga, kidogo sana, akachapa ya sita.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama mpaka Felisita akaanza kufikiria ya saba.

"Vipi, mzee?"

"Huyu sasa ananiangalia kama nimechelewa kurudi nyumbani," alisema Nkeshimana, akainuka. "Nitafutie bahasha ngumu, mwanangu. Niwahi basi."