Mbavu za Watachoka

Alfajiri, kabla ya adhana, nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini polepole, kama mtu anavyolaza mtoto aliyesinzia. Nilijua ni Saada, mjukuu wangu. Alikuwa ananichemshia maji ya kutawadhia, kwa kuwa jana yake aliona jinsi baridi ya huku Kinole inavyonibana vidole. Hakuwa amesema kitu, na mimi sikumwambia kwamba niko macho. Nilijilaza tu nikasikiliza mtu akinihurumia.

Saada anaishi Morogoro mjini. Anapiga picha za harusi na za pasipoti, na hizo ndizo zinazompa ugali. Moyo wake lakini uko kwa mbwa. Si picha zile za mtu kumkumbatia mbwa wake akacheka, kisha akazirusha kwenye simu. Yeye humpiga mbwa picha kama mchoraji anavyomchora mtu wa heshima. Anangoja mwanga, anangoja mbwa amzoee, halafu picha anaichapa kubwa ya kutundikwa ukutani. Mara ya kwanza nilimwuliza, mtoto wa Kiislamu na mbwa wapi na wapi? Akanijibu, "Bibi, kumtazama hakutengui udhu." Tangu hapo akija na kamera yake mimi hubeba dumu la maji, ili mbwa akimlamba asipate taabu ya kujiosha.

Safari hii alikuwa ameahidiwa ukumbi mjini, atundike picha zake watu waje kuzitazama. Za Gairo alishapiga, mbwa wanaofuata ng'ombe. Ya Kisaki alishapiga, mbwa anayelala stesheni akingoja treni. Ilibaki ya milimani, na huku milimani alimtaka mmoja tu, Watachoka wa Mzee Hatibu.

Hatibu ni mtani wangu. Mama yake na baba yangu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo tunataniana tangu tuna meno ya utoto. Shamba lake liko juu kabisa, linapakana na msitu. Alipolifyeka watu walimwambia ngedere watamla yeye na mahindi yake. Akatafuta mbwa jike, akamwita Watachoka. Na kweli ngedere walichoka, na maneno ya watu yakachoka.

Halafu mwaka jana wakapita wageni wanaokwenda kutazama maporomoko. Siku hizo Watachoka alikuwa ananyonyesha watoto watano, na nguruwe pori alikuwa amempasua paja. Mgeni mmoja akainamisha simu yake, akampiga picha bila hata kusimama, akaenda zake. Baada ya muda picha ile ikaturudia kwenye simu za vijana wetu, mbwa mbavu nje, na chini yake maneno ya watu wasiotujua: mwenye mbwa huyu ni katili, mwenye mbwa huyu afungwe. Pale dukani kwa Idrisa wachache wakacheka wakamwita Mzee Mbavu.

Hatibu hakugombana na mtu. Aliacha tu kukaa kwenye kibaraza cha duka. Akiswali anaondoka. Akisikia sauti ngeni njiani anapiga mluzi, anamfungia Watachoka chini ya dungu lake la kulindia mahindi. Siku moja gulioni mtu alimwuliza kama yule mbwa aliyelala karibu na mzigo wake ni wa kwake. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Wa jirani." Hilo liliniuma kuliko kicheko cha dukani. Huyu ni mtu aliyegawana ndizi zake na mbwa yule msimu wa njaa.

Ndiyo maana, siku moja kabla ya alfajiri ile, nilipanda na Saada hadi shambani. Tulimkuta Hatibu anapalilia.

"Shikamoo, babu," Saada akasema.

"Marahaba. Mtani, umeniletea mgeni au umeniletea simu?"

"Nimekuletea mjukuu," nikamjibu. "Simu unayo hata wewe, ila hujui kuiwasha."

"Na hilo begi lina nini?"

"Kamera, babu," Saada akasema.

Hatibu akapiga mluzi, na Watachoka akaingia chini ya dungu bila kuuliza. Saada hakulifungua begi. Aliliweka mbali, akaokota jembe langu, akapalilia na Hatibu mpaka jua likawa kali. Tulipokuwa tunaaga ndipo akasema, "Babu, ningependa kumpiga picha Watachoka. Ukikataa, bado nitakuja kukusalimia."

Hatibu akatazama jembe lake. "Mbavu zake zitaonekana?"

Nilitamani mtoto aseme hapana, mambo yaishe.

"Zitaonekana, babu. Ni mbwa wa mbio. Lakini picha haitatundikwa popote mpaka wewe uione na uikubali."

"Huyu kafundishwa na nani kusema kweli?" Hatibu akaniuliza. "Si wewe."

"Ni upande wa babu yake," nikasema.

"Njooni kesho."

Basi kesho yenyewe ndiyo hiyo alfajiri ya mfuniko wa sufuria. Tuliswali, tukanywa chai, tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito hata migomba ya jirani hatuioni. Tulipofika nilisikia kwanza harufu ya mafuta ya nazi, ndipo nikamwona mwenye harufu.

Watachoka alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki. Ameogeshwa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Na amevaa koti. Koti la Hatibu la Idi, la kijivu, miguu ya mbele imepenyezwa kwenye mikono iliyokunjwa, vifungo vyote vimefungwa tumboni. Hatibu mwenyewe alisimama kando, kanzu na kofia, amekaza shingo kama askari.

"Umemwozesha?" nikamwuliza.

"Nyamaza, mtani. Mtu akipigwa picha huvaa."

"Na bwana harusi yuko wapi, amechelewa gari?"

"Bwana harusi alisikia wewe ndiye somo wa kumfunda bibi harusi, akarudi kwao."

Nilimwangalia Saada. Nilimwona akiuma mdomo wake kwa ndani, lakini hakucheka. Alielewa, kama nilivyoelewa, kwamba lile koti halikuwa la mapambo. Lilikuwa la kufunika mbavu. Akasimamisha stendi ya kamera, akamwendea Watachoka, akamnyoosha kola taratibu. Akamwomba Hatibu aweke mkono begani kwa mbwa wake. Akapiga picha ile kwa utulivu uleule ambao angeutumia kumpiga picha waziri, kisha akamwonyesha.

"Hiyo sasa," Hatibu akasema, akashusha mabega.

"Nzuri, babu. Sasa naomba tukae tu kidogo."

Tukakaa. Hatibu akatupa mihogo ya kuchemsha na chai ya mdalasini, sehemu kubwa zaidi akampa Saada, akisema watu wa mjini hula picha. Watachoka alibaki kitini, amejikunyata ndani ya koti kama karani aliyekosea hesabu. Ukungu ukaanza kupanda. Jua likafika kwenye mahindi, ila msitu wa nyuma ulikuwa bado kivulini, mweusi kama chungu.

Ndipo ngedere mmoja akalia.

Masikio ya Watachoka yakasimama. Kiti kikaanguka upande wake na yeye akaanguka upande mwingine, halafu tukaliona koti likikimbia kati ya mahindi, mikono inapepea. Hatibu akashika kanzu kwa meno, akafuata.

"Koti langu," alikuwa anasema, "koti langu la Idi."

"Waachie ngedere," nikamwambia kwa sauti, "nao wana sherehe zao." Nilicheka mpaka nikashikilia nguzo ya dungu.

Saada hakufuata koti. Alichukua kamera bila stendi, akaenda ukingo wa chini wa shamba, mahali inapoishia njia ya mbwa ya kutoka msituni. Akalala kifudifudi kwenye tope, na nguo zake nilizompigia pasi mwenyewe. Akatulia.

Watachoka akarudi peke yake. Tope mpaka tumboni, mafuta ya nazi yameisha, ulimi nje. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka, na kovu la pajani linaonekana. Alisimama juu ya tuta, akageuka kutazama msitu alikowafukuza. Nyuma yake Hatibu akatokea na koti mkononi, mkono mmoja umechanika. Akamwona Saada chini.

"Mbona amelala?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Saada akajibu bila kuondoa jicho kwenye kamera. "Nikisimama, babu, nitaona mgongo na mbavu tu. Huyu sitaki kumtazama kutoka juu."

Hatibu, taratibu, na magoti yale yanayomsumbua, akaja akachuchumaa kando yake ili aone anachokiona. Akainama zaidi. Mwisho akaweka kiwiko kwenye tope, na kanzu yake nyeupe. Watachoka alipomwona bwana wake chini pale, akaacha msitu, akamgeuzia uso. Kamera ikalia mara moja.

Mimi si mjuzi wa picha, ila Saada aliponionyesha kioo cha kamera nilikisogelea. Msitu mweusi nyuma. Jua limempata Watachoka ubavuni, kila ubavu na kivuli chake, na kovu halikufichwa. Lakini jicho langu lilianza usoni pake likashindwa kutoka. Alikuwa anamtazama mtu anayempenda, na ungeweza kuona hivyo hata kama hujui Kinole iko wapi.

Hatibu aliishika kamera kwa mikono miwili.

"Hili ni kovu la nguruwe."

"Ndiyo, babu."

"Na hizi ndizo mbavu."

"Ndizo."

"Na ile ya koti?"

"Nitakuchapia uitundike nyumbani kwako. Ya ukumbini chagua wewe."

Akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno mengi, lakini nikasema, "Mbwa si wangu." Ilibidi ayaseme mwenyewe.

Akagusa kioo cha kamera kwa kidole. "Chukua hii," akasema mwishowe. "Ila jina langu usiandike. Na mimi siendi huko."

Saada akaitikia. Nikammwagia maji ya dumu, akajiosha mikono. Kisha Hatibu akalichukua dumu, akammwagia Watachoka kwenye miguu iliyochubuka, kabla ya kujiosha yeye.

Siku ya maonesho nilishuka barabarani kutafuta gari, nikamkuta Hatibu amekaa juu ya jiwe na mwavuli wake.

"Naenda mjini kutafuta dawa ya wadudu wa mahindi," akasema.

"Na mimi naenda kununua chumvi," nikasema. Hatukuongea tena habari hiyo hadi Morogoro.

Ukumbini kulikuwa na watu kiasi, wanafunzi, walimu, na wengine waliopita tu. Mbwa wa Gairo na wa Kisaki walikuwa ukuta wa pembeni. Watachoka alikuwa peke yake ukuta wa mbele, mkubwa kuliko mlango, na chini yake maneno mawili, *Watachoka, Kinole*. Mama mmoja alisimama mbele yake mkoba mkononi, akasahau kuondoka. Hatibu alikwenda akasimama mbali, akaigeuzia picha mgongo, akajifanya anamchunguza mbwa wa stesheni.

Wakaja vijana wawili. Mmoja nilikuja kumjua baadaye, Kelvin, anasoma chuo pale Mazimbu. Akamwambia mwenzake, "Huyu si yule mbwa wa mtu katili? Ile picha ya mwaka jana. Tazama kovu la paja."

"Ndiye," mwenzake akasema. "Mwenyewe ni nani lakini?"

Saada alisikia, akafungua mdomo. Nikamshika mkono. Nilikuwa namtazama Hatibu. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka alipo, na hapakuwa na mtu wa kumzuia kutoka.

Hatibu akageuka.

"Ni wangu," akasema.

Kijana akashtuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wangu, na yule wa mwaka jana ndiye huyuhuyu. Alikuwa na watoto watano wanamnyonya, na nguruwe amempasua hapo unapoona. Nililala naye dunguni nikimnywesha uji mpaka akasimama. Aliyempiga picha ile hakuniuliza. Nyinyi mnaweza kuuliza."

Kelvin hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akasema, "Tusamehe, mzee," kisha akaenda akaleta kiti, akakipangusa kwa mkono, akamkalisha Hatibu mbele ya picha. Halafu wakauliza kweli. Anakula nini? Watoto wake wako wapi? Anajuaje kwamba ni ngedere na si mtu? Hatibu alijibu yote, mkono wake ukionyesha ukutani. Watu wengine wakasogea.

"Na watakaochoka ni akina nani?" yule mama mwenye mkoba akauliza.

"Ngedere," Hatibu akasema. "Na walimwengu kidogo."

Wakacheka, naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mbele za watu tangu mwaka jana.

Jioni Saada alitusindikiza hadi kwenye gari. Dawa ya wadudu ilikuwa haijanunuliwa, wala chumvi. Hatibu alikaa dirishani, akashusha kioo, akakaa kidogo kama mtu anayetafuta namna ya kuomba.

"Mjukuu wangu, mahindi yakishavunwa ngedere hupungua. Watachoka hulala kutwa nzima juani, miguu juu. Hajapigwa picha amelala."

"Nije, babu?"

"Njoo. Na yule kijana wa maswali mje naye, aje amwone mwenyewe. Ila msikawie, mje mapema."