Mnazi wa Semina

Viti vya plastiki vilipangwa ndani ya darasa la saba, chupa za chai zikawekwa juu ya meza ya mwalimu, na maandazi yakafunikwa kwa kawa ili nzi wasitangulie. Bwana Asheri, mwezeshaji aliyeletwa na mwekezaji, alisafisha koo akafungua semina ya kuwashirikisha wananchi katika mpango wa hoteli. Kitongoji chenyewe kiko kusini ya Ushongo. Tangu kiwe kitongoji, watu wake hawajapata kushirikishwa kiasi kile.

Bi Mwatum aliketi mstari wa pili. Yeye hukaanga samaki. Kila alfajiri huteremka pwani kwa njia inayopita kati ya miti ya mikadi, awawahi wavuvi kabla wachuuzi wa pikipiki hawajafika, maana akichelewa hubakiwa na vichwa. Njia hiyo ndiyo iliyomleta kwenye semina. Kwenye ramani ya Bwana Asheri haikuwapo.

"Miye nauliza njia," alisema zamu yake ilipofika. "Njia ya kuteremkia pwani itakuwa wapi?"

"Swali zuri sana, mama," alisema Bwana Asheri. "Tumelipokea, litafanyiwa kazi."

Saruji ikapasuka karibu na mguu wa kiti cha Mwatum, na mche wa mnazi ukachomoza, jani likiwa bado limekunjwa. Mwatum akasogeza kiti. Jirani yake akasogeza kikombe cha chai. Bwana Asheri akauliza kama kuna swali jingine, na yalikuwapo mengi, yote yakapokelewa, kila moja na mche wake. Hadi adhuhuri darasa halikuwa na pa kuweka miguu.

Mwalimu mkuu hakulalamikia miche, alilalamikia sakafu. Akaitwa Beatrisi, mtaalamu wa kuotesha miti kutoka Amani, naye akapiga magoti, akafukua shina moja kwa kidole, akaridhika.

"Miche mizima," alisema. "Hili neno semina tumelipata kwa Waingereza, lakini nao walilipata kwa wengine. Kwa Walatini lilianza likiwa kitalu, mahali pa kuoteshea mbegu. Likaja likawa shule ya mapadri, Wajerumani wakalitia vyuoni mwao, na sasa ni hii ya chai na maandazi. Limekumbuka kwao tu."

Bwana Asheri, ambaye hakuwa na kazi nyingine maishani ila kuendesha semina, alisema kumbe, akamimina chai.

"Ila mche haukai kitaluni," Beatrisi aliongeza. "Mizizi ikishaanza kujizungusha umekwisha. Uhamisheni mapema."

Wenzake Mwatum waliiacha miche yao darasani wakisema ofisi itakuja kuihamisha. Ikakauka kabla ya mitihani. Mwatum yeye alikuwa amerudi siku ileile ya semina na jembe, akauchimbua wake, akaupanda katikati ya njia, pale inapoanza kuteremka.

Hakuna aliyemuuliza sababu. Pwani ile ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Ardhi itauzwa, itarithiwa, itagombaniwa, lakini mnazi ni wa aliyeupanda, na mwenye ardhi hana ruhusa ya kuangua hata kidaka, nazi changa. Mwatum alijua kwamba hoteli itaichukua ardhi. Yeye angekuwa na mnazi, na mwenye mnazi sharti aufikie. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ilikuwa fupi.

Semina ikazaa semina. Katika kila moja Mwatum alisimama akauliza lile lile, akaambiwa limepokelewa, na saa hiyohiyo mnazi ukaongeza kuti. Watu wakaanza kumchoka.

"Bi Mwatum, si ulishauliza?"

"Niliuliza. Sijajibiwa."

Ukuta wa hoteli ulipokamilika, mnazi ulikuwa unazaa.

Getini aliwekwa Kombo, mtoto wa kaka yake Mwatum. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua bila ubishi kwa kuwa alikwisha kuelekezwa. Hoteli iliuheshimu mnazi. Waliujengea ukumbi wa kulia chakula kuuzunguka, na paani wakaacha tundu ili upite. Mwatum aliangua madafu kwa upembo, akayaweka chini, akaendelea kuteremka. Aliwasikia wavuvi wakipatana bei.

Kombo akampita, akasimama mbele yake. "Mnazi ni wako, shangazi," alisema, akitazama chini. "Kutoka hapa kwenda huko, si kwako."

Iliuma. Iliuma zaidi kwa kuwa Kombo amekulia nyumbani kwake, kwa samaki walioletwa kwa njia ileile. Mwatum alibeba madafu yake akatoka. Tangu hapo huzunguka kwa kule mikokoni, tope magotini, akifika wachuuzi wameshaondoka. Hukaanga vichwa.

Hoteli ilipotimiza mwaka, Bwana Asheri alirudi kuendesha semina ya ujirani mwema, safari hii palepale ukumbini, chini ya mnazi. Viti vilikuwa vya mninga na maandazi yalinyunyiziwa sukari. Mwatum aliketi mstari wa mbele kabisa. Akasubiri nasaha ziishe, akasimama.

"Njia ya kuteremkia pwani iko wapi?"

"Swali zuri sana, mama. Tumelipokea."

Kigae kikainuka miguuni pake, jani likatokeza. Mhudumu mmoja akasogeza glasi. Mwatum akainama, akavuta jembe alilokuwa amelilaza chini ya kiti, kisha akamwonyesha Kombo, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa kidevu mahali atakapoupanda, hatua chache kuelekea pwani, mbele ya pale alipomzuia.

Kombo alimwambia kwa upole kwamba pale haruhusiwi.

"Najua," alisema Mwatum, akaanza kuuchimbua.