Kitabu Kilicholala kwa Mwaisha

Wivu ni ugonjwa, jamani, na Mwaisha ulimkamata kwa sababu ya riwaya! Miaka sita yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa katika kikundi cha wasomaji wanaokutana kila Jumamosi alasiri nyuma ya duka la vitenge la Bi Mehjabin, mjini Morogoro. Kisha akaja Raya, muuza njegere kutoka Mgeta, binti wa juzi tu. Siku ya kwanza alipofungua mdomo kikundini, Mzee Noordin, msomaji mkongwe wa kikundi, alivua miwani akasema, "Hilo mimi sikuliona kabisa." Miaka sita, na Mwaisha hajawahi kumfanya mtu avue miwani! Roho ilimuuma hata chai ikamshinda.

Sasa, kikundi kilikuwa na desturi yake. Riwaya za zamani ni shida kuzipata, hivyo husoma nakala moja kwa zamu, na wa mwisho kuisoma ndiye anayefungua mjadala. Safari hii wa mwisho alikuwa Raya, na kabla yake ni Mwaisha. Basi kitabu kilipomfikia, Mwaisha alikifungia kabatini, chini ya mashuka. Raya akipiga simu, anajibiwa, "Subiri mdogo wangu, bado kidogo namaliza." Wiki mbili nzima! Akaja kumpa Ijumaa jioni, huku anajichekea moyoni: tuone kesho atasema nini.

Jumamosi Raya aliwaamkia wakubwa, akasema bila kuficha, "Nimefika katikati tu, pale mjane anapowafungia mlango wakwe zake. Hivi aliwafungulia? Dada Mwaisha, wewe umekaa nacho sana, hebu tuambie."

Salaale! Kwa kushughulika kukificha, Mwaisha hakusoma hata ukurasa mmoja.

"Aliwafungulia," akasema. "Wakapatana, wakala pamoja."

Njia ya mwongo ni fupi. Bi Mehjabin na Mzee Noordin, waliokisoma chote, wakatazamana.

"Mwaisha, hukukisoma," Bi Mehjabin akasema polepole. Hakungoja jibu. "Raya, tusomee mwisho."

Raya akasoma. Mwaisha alitaka kuondoka, lakini akabaki palepale. Alimchukia binti yule, akaichukia na sauti yake tulivu, na bado alitaka kujua mjane alifanya nini. Raya alipotua kidogo kumeza mate, Mwaisha ndiye aliyefoka, machozi yakimlengalenga:

"Endelea basi! Unangoja nini?"